Sufuri na Kistari

28 Septemba

Tumefungua kibanda. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, panya wametafuna kona ya meza, na bati moja limelegea. Huu ni msimu wa ishirini na mbili. Kutoka barabarani hadi juu ukingoni nimetumia dakika hamsini na tano na nimesimama mara nne. Kila nikisimama nilijifanya nafunga kamba za viatu. Shemeji alisubiri bila kusema kitu, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenicheka.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi saa mstaafu. Tangu afiwe na mkewe mwaka jana, hana kingine kinachomtoa kitandani ila kazi hii. Asubuhi mke wangu alipokuwa ananifungia chupa ya chai aliniambia, "Mwangalie kaka yangu. Akikosa kupanda kule juu, tutamzika." Nikasema sawa. Sikujua kwamba kumwangalia mtu ni kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kazi yenyewe ni ile ile. Kila mwaka tai, mwewe, kozi na vipanga wanahama, wanafuata ukingo huu wa mlima kwa kuwa upepo ukigonga mwamba unapanda, na wao wanaupanda bure. Sisi tunakaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, tunawahesabu, na fomu zinakwenda ofisini kwa Mtakwimu, mama mmoja mkali wa namba ambaye tunamwona mara moja kwa miaka miwili.

Sheria ni moja, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii, mimi niliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Saa uliyotazama na ndege hakupita, unaandika sufuri. Saa ambayo hakuna aliyetazama, unaweka kistari. Anayeandika sufuri mahali pa kistari amesema uongo.

29 Septemba

Ukungu. Upande wangu sufuri, upande wa Shemeji sufuri. Chai ilipoa mapema.

2 Oktoba

Mawingu meupe, mazito, tangu asubuhi. Mwewe wa kwanza wamepita. Mimi 41, Shemeji 44.

Mbele ya viti vyetu kuna jiwe tulilolipaka chokaa. Mbingu ya kushoto mwa jiwe ni yangu, ya kulia ni yake. Kila mtu ana kile kidude cha mkononi cha kubonyeza, bonyezo moja ndege mmoja. Wakianza kuzunguka pamoja kwenye hewa moto tunaita ngoma, na ngoma haihesabiwi. Unasubiri wachoke kucheza, watoke kwa mstari, ndipo unabonyeza. Kila saa ikiisha namtajia Shemeji idadi yangu naye anaandika kwenye fomu. Zamani nilikuwa naandika mimi, ila siku hizi visanduku vya fomu wamevifanya vidogo mno. Sijui wanabania karatasi ya nani.

Leo kulikuwa na ngoma mbili. Nimechoka lakini vizuri.

5 Oktoba

Bluu tupu, hakuna hata kawingu kamoja. Nimebonyeza mara sita kutwa.

Kilichonishangaza ni Shemeji. Nilisikia tak, tak, tak, nikainua kichwa. Hakuna kitu.

"Unahesabu nini, Shemeji?"

"Ndege."

"Wako wapi?"

"Juu."

Nimefuta vioo vya darubini mara kumi. Darubini hii nayo imezeeka, ndani imeingia ukungu.

6 Oktoba

Bluu. Mimi 4. Yeye sijui, sikuuliza. Shingo inauma.

9 Oktoba

Mawingu. Mimi 58, yeye 61. Leo tumepatana, tumecheka hata. Alinikumbusha ile siku nilipomkalia kofia yake kutwa nzima huku yeye akiitafuta kila mahali.

12 Oktoba

Mvua. Hatukupanda. Kistari.

Mke wangu amechungulia daftari hili begani kwangu akasema, "Unaandika herufi kubwa kama bango la duka." Nikamwambia balbu ya jikoni imechoka. Akasema balbu aliibadilisha Jumapili.

14 Oktoba

Bluu tena. Shemeji amekigeuza kiti chake, sasa kinaangalia upande wangu.

"Shemeji, jiwe liko pale."

"Naliona."

"Basi kaa kwako."

Akakivuta kiti kama nusu futi. Tulipomaliza chai kilikuwa kimerudi palepale. Halafu nikasikia tena ule mlio, tak, tak, lakini safari hii haukutoka kwenye mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kikombe. Ulitoka kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake, na mkono wa kushoto ulikuwa humo humo ndani.

Niliangalia juu mpaka machozi yakanitoka. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa mwanga, haina kitu.

17 Oktoba

Leo ninaandika kirefu, maana nimekasirika.

Goti la Shemeji limevimba, kwa hiyo kupeleka fomu posta imekuwa zamu yangu. Kabla ya kuzifunga nilikaa nazo dirishani, penye jua, nikavaa miwani ya kusomea na kuzipitia moja moja. Desturi ya kazi haiondoki. Karani hafungi jalada ambalo hajalisoma.

Tarehe 5 nilimtajia ndege sita kutwa nzima. Kwenye fomu, safu ya kushoto, chini ya jina langu, pameandikwa 73. Tarehe 6 nilimtajia wanne. Pameandikwa 49. Tarehe 14 nilimtajia watano, yeye ameandika 112. Mia moja na kumi na wawili! Mwandiko ni wake, mzuri, wa mtu aliyezoea kushika vitu vidogo.

Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Sikukosea. Shemeji wangu ananitungia ndege. Anawatunga kwa jina langu.

Nimekumbuka kila kitu. Kile kidude cha mfukoni. Kiti kinachosogea. Ile "juu" yake ya mkato. Na macho yake! Mtu aliyekaa miaka arobaini kwenye kibanda cha saa, na kile kioo kimebanwa jichoni, anaangalia skrubu za ukubwa wa punje ya chumvi. Macho hayo yatabaki na nini? Haoni, ndiyo maana anabuni. Na upweke nao. Mtu anayerudi kwenye nyumba tupu kila jioni hataki mbingu nayo iwe tupu, nadhani.

Namwonea huruma, sitakataa. Lakini huruma yangu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni ile fomu. Miaka ishirini na mbili sikuwahi kuandika namba ambayo sikuiona.

18 Oktoba

Mawingu. Mimi 37, yeye 39. Kukiwa na mawingu hadanganyi. Sielewi kwa nini.

19 Oktoba

Mke wangu kauliza mbona nimenuna. Nikamwambia, "Kaka yako macho yamekwisha." Akaacha kukunja nguo, akaniangalia. "Yake?" akasema, kisha akaendelea kukunja.

22 Oktoba

Bluu. Nilimtajia 3. Alipokwenda kujisaidia nyuma ya kibanda niliivuta fomu: 88. Nilirudisha karatasi mahali pake.

23 Oktoba

Nimemwandikia Mtakwimu. Nimeandika mara tatu, mara mbili nimechana. Barua ya mwisho ina aya nne, tarehe zote na namba zote, yangu na ile ya fomu, na sentensi ya mwisho inasema: "Kwa masikitiko makubwa naomba mwenzangu apumzishwe, kwa kuwa haoni tena." Nilipoandika "mwenzangu" kalamu ilisimama kidogo. Niliandika barua nyingi za watu wengine mahakamani, sikuwahi kuandika ya shemeji yangu.

24 Oktoba

Nimeipeleka posta. Nilipopanda mlimani nilimkuta Shemeji amekwishafika, anapigilia misumari kwenye bati lililolegea. "Lingekuvujia wewe," alisema, "maana upande huo unakaa wewe."

27 Oktoba

Mvua. Kistari.

28 Oktoba

Mvua. Kistari. Nimelala mchana.

31 Oktoba

Mawingu mepesi. Mimi 22, yeye 30. Ameniomba saa yangu ya mkononi, akaifungua pale pale mezani kwa kisu chake kidogo, akatoa kitu nisichokiona, akaifunga. "Ilikuwa inachelewa dakika nne kwa siku," alisema. "Ulikuwa huoni?" Nikasema nilikuwa sina haraka. Saa sasa inakwenda sawasawa. Kila nikiitazama nafikiria ile barua na moyo unanisuta.

3 Novemba

Nimechoka na mlima huu, nimechoka na jua, nimechoka kukaa karibu na mtu ambaye nimemchongea. Bado wiki tatu.

5 Novemba

Mtakwimu amekuja mwenyewe. Hakutoa taarifa. Tulimwona akipanda na mkoba wake begani, na Shemeji alifurahi kama mtoto, akaanza kufuta kiti.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Leo nataka tupimane. Ni kawaida tu, vituo vyote tunapima."

Nilijua si kawaida, na yeye alijua kwamba najua. Mbingu ilikuwa bluu tupu. Alituweka mbalimbali, kila mtu hatua thelathini kutoka kwa mwenzake, migongo imeelekeana, kila mtu na kidude kimoja. Muda wa saa nzima. Wote tutazame mbingu yote, jiwe lisahaulike, na mtu asiseme neno.

Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Nilijisemea moyoni, leo ukweli utajulikana. Wawili walipita chini, karibu kabisa, nikabonyeza. Kisha watatu. Kisha muda mrefu pakawa kimya, na katika kimya hicho nilisikia tak, tak, tak kutoka kwa Shemeji, na nikatabasamu kwa uchungu. Halafu nikasikia tak, tak, tak kutoka upande mwingine, alikokaa Mtakwimu. Wakati huo huo. Mlio kwa mlio.

Tabasamu liliniisha.

Saa ilipotimia akakusanya vidude, akasoma kwa sauti ya kawaida. "Mimi tisini na wawili. Mzee wa saa, tisini na watano." Akashika changu, akakiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba yenye tarakimu moja. "Mzee karani, watano."

Shemeji akaingilia haraka, "Jua lilikuwa linampiga usoni. Pale alipokaa ni pabaya. Mimi mwenyewe pale sioni kitu."

Alinitetea. Mungu wangu, alinitetea, na barua yangu imo kwenye mkoba wa yule mama, hatua mbili tu kutoka alipokuwa amesimama.

Wakati Shemeji anamimina chai, Mtakwimu alinivuta nyuma ya kibanda, akanirudishia bahasha. "Hii sijamwonyesha mtu," alisema. "Jumla za fomu zenu naziamini, zinalingana na vituo vingine. Lakini siwezi kuacha jina la mtu juu ya ndege ambao hakuwaona. Ongeeni wazee wangu, halafu mniletee fomu safi."

6 Novemba

Mvua. Kistari.

Nimekaa dirishani, nimelisoma daftari hili tangu ukurasa wa kwanza. Mawingu: 41 na 44. Mawingu: 58 na 61. Mawingu: 37 na 39. Bluu: sita. Bluu: wanne. Bluu: watano, watatu. Nimeyaandika yote haya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za bango, na sikuyaona. Ndege mweusi mbele ya wingu jeupe hata mimi namwona. Juu kabisa, kwenye bluu yenye mwanga mkali, kwangu hayupo.

Mke wangu hakuuliza. Alinishika mkono tukaenda zahanati. Daktari wa macho alinimulika, akasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hakuanza leo. Nafasi ya upasuaji ni Januari. Njiani nikamuuliza mke wangu alijua tangu lini. "Tangu ulipoanza kumimina chai nje ya kikombe," alisema. "Nilikwambia twende. Ukasema vikombe siku hizi vina mdomo mbaya."

7 Novemba

Nimemwambia Shemeji yote, macho na barua. Nilitaka kusubiri tushuke, nikashindwa, nikamwambia saa mbili na robo asubuhi, hata chai hatujafungua. Nilimpa bahasha aisome mwenyewe.

Alisoma polepole, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile.

"Uliniandikia barua ya kunishtaki," alisema. "Mimi."

"Ndiyo, Shemeji."

"Tumekaa hapa viti viwili, kiti kwa kiti. Ukashindwa kunigeukia ukaniuliza?"

Nilimwambia nisamehe. Akainuka, akachukua koti, akashuka na goti lake lile lile bovu bila kusimama hata mara moja. Mpaka anapotea kwenye kona hakugeuka. Nilibaki nimesimama pale kama mjinga.

8 Novemba

Nimepanda peke yangu. Shemeji hakuja. Mke wangu alikwenda kwake jana jioni, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, kaka yake akamjibu dirishani kwamba yuko sawa, amechoka tu. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Aliniwekea chai, hakuniangalia.

Nimekaa kutwa. Bluu.

9 Novemba

Peke yangu tena. Bluu, na upepo mzuri unaopanda.

Saa tano hivi, mlinzi wa mnara wa simu ulio chini ya ukingo alipanda kuomba chai. Alifika anahema, akaangalia juu, akashika kichwa.

"Mzee! Leo ni balaa. Hebu cheki ile! Na ile kule! Wanatoka tu, hawaishi."

Niliinua kichwa. Niliinua darubini. Nyeupe, nyeupe, nyeupe.

"Ni wangapi?" nikamuuliza.

"Aa, mzee wangu, wale hawahesabiki. Mia? Mia tatu? Mimi najua kulinda mnara tu. Si wewe ndiye mwenye kazi?"

Alikunywa chai yake akiwa ametazama juu, mdomo wazi, anacheka peke yake. Na mimi nikakaa pembeni yake, kidude kimelala kiganjani, siku kubwa kuliko zote za msimu ikinipita juu ya kichwa. Nililia kidogo. Mlinzi alidhani ni jua.

Saa kumi nilivuta fomu. Visanduku vidogo, nikainama mpaka pua ikagusa karatasi. Kalamu ilikwenda yenyewe kuandika sufuri, kwa mazoea: nilikuwepo, nilitazama, sikuona ndege. Ikanisimama mkononi. Sufuri ni ya mtu aliyetazama kwa macho yanayoona. Nikaweka kistari, kila saa kistari, upande wa kushoto na wa kulia. Kisha nikarudi kwenye mstari wa jana, ambao nao nilikuwa nimeujaza sufuri kwa kiburi, nikazifuta zote na kuweka vistari. Siku mbili nilikaa juu ya mlima huu, na kwa mujibu wa fomu hapakuwa na mtu.

10 Novemba

Nilifika saa mbili kasoro dakika kumi, kwa saa isiyochelewa tena. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Shemeji alikuwa mezani, kofia kichwani, anaangalia fomu. Nilisimama mlangoni. Hakunisalimu.

"Juzi na jana hukuja?" aliuliza, kidole kwenye vistari.

"Nilikuja. Nilikaa kutwa, siku zote mbili."

"Mlinzi nimekutana naye njiani. Anasema jana walipita wengi kuliko mwaka wowote."

"Hata mimi aliniambia."

"Na wewe umeweka kistari."

"Ndiyo."

Aliendelea kukitazama kile kistari kama alivyokuwa akitazama saa ya mteja kabla ya kutaja ubovu wake. Kisha akavua kofia, akaiweka mezani, na nilipoona hivyo nami nikakaa.

"Mwaka juzi," alisema, "ulihesabu kunguru wanne ukaniambia ni kozi. Nikasema, haya, amechoka leo. Kesho yake ukawapungia mkono mwewe ambao hawapo. Ndipo nikanunua kidude cha pili."

"Ungeniambia, Shemeji."

"Ningekwambia ungeacha kupanda. Nakujua, wewe na sheria zako." Akakuna shingo, ile ile aliyokuwa akiipinda siku zote kutazama upande wangu. "Na mimi wakati ule nilikuwa na yangu nyumbani. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuugua. Halafu akaenda. Ukiacha wewe, mimi nipande na nani?"

Nilishika mkono wake juu ya meza, naye hakuutoa. Tulikaa hivyo, wazee wawili, mpaka saa mbili ikagonga.

Akainuka. Akachukua kiti chake akakiweka katikati, mbele ya jiwe kabisa, si kushoto wala kulia. Akatoa kile kidude kwenye mfuko wa kushoto, akakiweka kwenye droo na kuifunga.

"Leta meza nje," alisema. "Mimi nitaita, wewe utaandika. Na andika herufi zako hizo hizo za bango. Visanduku wakavibadilishe wao."

Nimevuta fomu mpya. Penye "Mhesabu" nimeandika jina lake peke yake. Chini yake hakukuwa na mahali pa mwandishi, nimechora mstari nikaongeza, nikaweka langu.

Bluu tupu, hakuna wingu. Saa mbili hadi saa tatu: tai watatu, kozi mmoja, mwewe sitini na wanne. Sikumwona hata mmoja. Nimewaandika wote.